Peremende za Mjapani Ukweni

Kuna watu wameaibika kwa pombe, wengine kwa wake za watu, na hao angalau wana kitu cha kusimulia. Mimi niliaibishwa na peremende. Peremende, jamani, kitu anachopewa mtoto wa nasari ili anyamaze. Kama mnataka kucheka chekeni sasa mmalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa karani wa stoo kwenye mradi wa visima kule Kyuso. Kazi yenyewe ilikuwa kutoa mabomba asubuhi na kuyapokea jioni, basi. Lakini kule Tulia, ambako nilikuwa nimempata Syombua, fundi wa nguo pale sokoni (mrembo, na alijua), nilikuwa nimesema mimi ni msaidizi wa injinia. Injinia mwenyewe alikuwa Mjapani mpole ambaye tulimbatiza Mutua, yaani mkaaji, kwa sababu alikuja kwa muda mfupi akakawia. Nilipomwambia naenda kujitambulisha kwa wazazi wa msichana, aliingia chumbani akaniletea mfuko wa peremende za kwao, kila moja imeviringwa kwenye karatasi yake ya kung'aa yenye maandishi ambayo huwezi kujua yanaanzia wapi, akajipapasa tumbo, akacheka. Kuna maneno pia alisema, lakini mimi kwa Mjapani nilikuwa nikiitikia ndio, ndio, halafu naendelea na mambo yangu, na siku hiyo niliitikia hivyo hivyo.

Njiani rafiki yangu Kimanzi, aliyenisindikiza (huendi ukweni mara ya kwanza peke yako kama mtu anayedai kuku wake), akaniuliza, "Umeonja lakini?"

Nilimtazama kwa dharau mpaka akaona haya. Nikamwambia peremende ni peremende, na mfuko ukishafunguliwa unaonekana mabaki, na mimi sipeleki mabaki kwa watu. Hivyo ndivyo nilivyoamua, nikiwa na akili zangu timamu na koti la kuazima.

Tukafika, tukakaribishwa vizuri. Alikuwepo Mzee Muthui, baba yake Syombua, mzee wa kanisa. Alikuwepo susu, yaani nyanya, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Shangazi mmoja mnene ambaye kazi yake ilikuwa kunipima kwa macho kutoka viatu kwenda juu. Na mama mkwe mtarajiwa, ambaye sikuthubutu kumtazama usoni. Kwa Wakamba, kati ya mkwe na mama mkwe kuna ile heshima ya aibu tunayoiita nthoni. Hucheki naye ovyo, hutafuni mbele yake ukijiachia, na kutema mate mbele yake ni afadhali umtukane. Hayo yote nilikuwa nimejikumbusha njia nzima, nikajiona nimejiandaa.

Chai ikanywewa, sala ikaombwa (ndefu, ilipitia mpaka mvua na serikali), kisha nikasimama na mfuko wangu.

"Hizi zimetoka Japani," nikasema. "Huku hata Nairobi hamzipati."

"Na wewe huwa unakula?" mzee akauliza.

"Kila siku. Mimi na injinia, tukimaliza chakula."

Nani alinituma niseme hivyo? Hakuna. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaupokea mfuko, akaufungua, kisha akanirudishia. "Basi onja, halafu sisi tufuate."

Hakuwa na ubaya. Kwetu anayeleta kitu cha kutia mdomoni huanza yeye, watu waone hakuna sumu, na Kitui hakuna mtu anayefanya mzaha na sumu. Nikaambua karatasi kwa madaha kama mzoefu, nikatupia peremende mdomoni.

Kwanza ilikuja chumvi. Sisemi chumvi ya mpishi aliyekosea, nasema chumvi ya kulambwa na ng'ombe. Nyuma yake ukaja ukali ambao ulipanda taya mpaka masikioni, jicho moja likafunga lenyewe likakataa kufunguka, na nilipojaribu kuuma niimalize haraka nikagundua ilikuwa tunda lililokaushwa, na ndani lina kokwa kama jiwe. Kumeza siwezi, kuna kokwa. Kutema siwezi, kuna mama mkwe. Nikabaki nimesimama katikati ya nyumba ya watu, machozi yananitoka, mdomo umekunjamana, na bado nikajaribu kutabasamu nikasema, "Tamu."

"Hapana," akasema shangazi. "Angalia uso. Huyu kijana amewekewa kitu."

"Na alikuwa anatuletea sisi," akasema mtu nyuma yangu, na nyumba ikabadilika.

Mama mkwe akaitisha maziwa, shangazi akasema maziwa yatachelewa, akaenda akarudi na kikombe cha maji ya sabuni ya kunitapisha. Nilijaribu kueleza, lakini mtu mwenye kokwa mdomoni akieleza inasikika kama anakata roho, kwa hiyo wakaongeza bidii. Nikalazwa kichwa nyuma, nikanyweshwa. Kimanzi, niliyemleta anitetee, alikuwa anahangaika kunivua koti, maana lilikuwa lake na hakutaka lichafuke. Nikatapika. Nikatapika chai, sabuni, kokwa na kila kitu, karibu kabisa na miguu ya mama mkwe, naye akajifunika uso kwa leso akatoka nje. Mnajua, ningepigwa viboko mbele ya soko zima ningeumia kidogo kuliko vile.

Watu walipotulia tukasikia mtu anafyonza. Susu alikuwa ameokota peremende moja, ameiambua, ameiweka shavuni.

"Ni chumvi na ukwaju tu," akasema. "Ni tamu. Sasa huyu alikuwa analia nini?"

Akauvuta mfuko wote magotini pake. Hapo nilitamani ingekuwa sumu kweli.

Mzee Muthui hakupaza sauti. Aliniuliza polepole, "Mwanangu, si umesema hii unakulanga kila siku?"

Nikajipangusa mdomo kwa mkono wa shati, naye akaendelea.

"Na hiyo kazi ya injinia, hiyo nayo umewahi kuonja?"

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata. Kimanzi akaona anisaidie. "Ni karani wa stoo, mzee," akasema. "Lakini ni kazi nzuri."

Syombua alitusindikiza mpaka kwenye lango la miti. Nilingoja anipe pole, mjinga mimi, nikaanza kumwambia kwamba Mjapani ndiye aliyenidanganya.

"Ungesema tu hujui ni nini," akanikata. "Baba angecheka, yaishe. Na hiyo stoo hangejali. Yeye alipika chai ofisini kwa D.O. mpaka akazeeka. Saa hii wako huko ndani wanaulizana ni gani ingine ulitudanganya, na hata mimi najiuliza."

Akarudi. Nilimpelekea salamu nyingi baada ya hapo, zikafika, zikakaa. Mwisho aliolewa na mwalimu mmoja kule Kathonzweni, mtu mfupi asiye na maneno, na nilipopata habari niliumia kweli, tena bado nilikuwa na kiburi cha kusema hamwezi.

Niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: kitu nisichokijua nasema sikijui, na kazi niliyonayo naisema kwa jina lake. Nilipokwenda ukweni safari nyingine, miaka mingi baadaye, upande wa Makueni, baba wa msichana aliniuliza nafanya kazi gani. Moyo ulinidunda vibaya, lakini nikamwambia mimi ni karani wa stoo. Akasema vizuri, akanikaribisha chakula. Hakuna aliyecheka.