Kopo la Majivu

Wifi yangu tumeshamzika, na bado mvua ikinyesha namwaga majivu kwenye njia ya choo. Wajukuu wananicheka. Wacheke tu.

Miaka ile ya uhaba, sabuni ilikuwa haionekani Musoma. Mimi na wifi, dada wa mume wangu, tulikuwaga tunakata sangara kwenye banda la samaki kando ya ziwa. Sangara ana mafuta, jamani! Sakafu ya saruji iliteleza vibaya. Kwa hiyo kila mama alikuja kazini na kopo la majivu ya jikoni kwake, akamwaga pale anaposimama na pale anapopita. Majivu yalinyonya mafuta, jioni tukafagia. Hakuna aliyeanguka.

Ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Sabuni zikajaa madukani, banda likapata tajiri mpya. Akasema samaki wanakwenda Ulaya, majivu ni uchafu, anataka sakafu ing'ae. Mimi akanifanya nyapara. Nikavimba kichwa, sifichi.

Wifi hakuacha. Alificha kopo lake nyuma ya pipa la maji, akawa ananyunyiza kidogo kidogo kwenye njia ya mzani. Asubuhi moja nikaligundua. Nikamwaga majivu yote ziwani, nikapiga sakafu sabuni, kisha nikamgombeza mbele ya wenzake: "Wifi, ushamba utauacha lini?"

Akainua kreti la samaki, akaelekea kwenye mzani. Hakufika. Nilisikia kishindo, halafu sauti yake ikiniita mimi, siyo mwingine.

Nyonga ilivunjika. Mama mkwe wangu kule Suguti alikuwa anakula kwa jembe la huyu binti yake kila msimu wa kulima, na jembe hakulishika tena.

Waliokuja kumpa pole aliwaambia, "Niliteleza tu." Hata kaka yake, mume wangu, alimwambia hivyo hivyo, mimi nimekaa pale pale pembeni ya kitanda. Nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Tukamchukua akaishi kwetu. Mvua ya kwanza ilipopiga, nikatoka na kopo, nikamwaga majivu kuanzia mlangoni kwake mpaka chooni. Alisimama na fimbo yake, akanitazama hadi nikamaliza.

"Wifi," akasema, "siku hizi na wewe mshamba?"

Akacheka, akashika bega langu, akaanza kutembea. Nilimsindikiza huku nalia.