Kikombe cha Awino Kiunoni

Hebu mwone, ndugu yangu, Awino anavyofika asubuhi mwaloni, pale wanawake wanapooshea mchanga wa dhahabu. Beseni kichwani, kitenge kimekunjwa hadi magotini, na kiunoni kikombe cha bati kinaning'inia. Wenzake hawaji na vikombe. Uji wao ni wa kikombe kimoja: unakunywa, unampa aliye kulia kwako.

Aliyemtaka aje na chake ni Felista, mwosha mchanga mwenzake, siku aliposikia kopo la vidonge likilia mfukoni mwa Awino. "Mimi nigusishe mdomo hapo? Akae na chake! Na dhahabu yenyewe inamkimbia mtu kama huyo."

Awino alizaliwa na virusi vya Ukimwi. Dawa amezimeza tangu utoto. Alivitoa vidonge koponi, akavifunga kwenye nailoni visipige kelele, akavichomeka kiunoni. Sasa kazi yenyewe ni ya maji. Kufika jioni vilikuwa vimelowa na kuyeyuka. Akaona haya kurudi kliniki kueleza, akakaa bila dawa. Chakula na usingizi vikamshinda. Akawa anaongea peke yake akiosha mchanga, nao wenzake wakamwongezea mzigo: "Kumbe na kichaa anacho!"

Veneranda, mpika uji, ndiye aliyesogea karibu akasikia anachosema: "Bora ningeondoka na mama alipofariki." Akaenda moja kwa moja kwa Dorka, shangazi yake Awino, kule Nkende.

Dorka hakugomba. Alimshika Awino mkono, akampeleka kliniki kwenye kikundi cha vijana wanaotumia dawa. Awino alipoeleza yaliyompata, kijana mmoja, Ogada, akashangaa: "Kwenye nailoni, dada? Sisi tunajaza pamba koponi, linanyamaza kama liko kanisani!" Awino akacheka. Halafu akalia, akalia, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Akapewa dawa nyingine, na mshauri wa kuzungumza naye.

Usingizi bado haujarudi wote. Ila leo amekuja kazini. Veneranda anajaza kile kikombe cha wote, anaanza na yeye.

"Shika, mwanangu. Hicho cha kiunoni kachotee maji."

Awino anakunywa kidogo. Kulia kwake amekaa Felista. Anamnyooshea kikombe, uji ukimwagika vidoleni. Felista anakitazama tu, mikono iko mapajani.

Ungekuwa wewe umekaa hapo, ungekipokea?