Mume Wangu na Valvu ya Presha

Tangu tuoane, mume wangu alikuwa mtu wa boila katika kiwanda kimoja Thika. Alitoka kwao Magharibi akiwa kijana, akaanza kwa kubeba kuni, mwishowe akakabidhiwa mvuke wenyewe: kutazama geji, kusikiliza mabomba, kufungua na kufunga. Kisha idara yake ikafungwa. Wakamuaga kwa keki na soda, naye akarudi nyumbani kwetu Gatongora, Ruiru, na overoli yake kwenye mfuko wa plastiki.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko sebuleni, kando ya dirisha, na nilikuwa nimezoea kuwa na nyumba peke yangu mchana kutwa. Sasa kulikuwa na mtu anayetoka chumbani kwenda jikoni, jikoni kwenda uani, uani kurudi chumbani. Nikimwambia akae, anakaa. Nikiinama kushona mshono mmoja, nikiinua kichwa hayupo.

Mwezi huohuo mtaa wetu uliunganishwa na bomba jipya. Zamani maji yalikuwa yakitiririka kama ya kuombwa. Sasa yalikuja kwa nguvu, mifereji ikawa inakohoa na kutingisha ukuta. Asubuhi moja mpira wa sinki ukapasuka. Mume wangu alifurahi kuliko nilivyomwona akifurahi tangu arudi. Akaenda akanunua valvu ya kupunguza presha, kidude cha shaba kinene kama ngumi, chenye kifuniko na skrubu juu na geji ndogo ya mviringo ubavuni. Akaifunga jikoni, pale bomba linapoingilia, ili maji ya nje yapungue nguvu kabla ya kuingia ndani. Ilifanya kazi vizuri. Mifereji ikanyamaza.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini valvu ile ilikuwa na geji, na geji ilikuwa na mshale, na mume wangu hakuweza kuupita mshale bila kuutazama. Akishauona, anachukua spana. Kidogo kulia, kidogo kushoto. Ananiita, "Hebu fungua bafuni." Naacha nguo, nafungua. "Funga." Nafunga. "Imepanda. Fungua tena." Alikuwa anaifungua kusafisha chujio lake hata kabla halijapata mchanga. Mwenzake wa zamani akimpigia simu kumjulia hali, yeye anamwambia, "Presha imesumbua leo, lakini nimeishusha."

Jirani yetu, mama anayeongoza kwaya kanisani, alisikia maneno hayo akiwa mlangoni. Kesho yake akaja na kitunguu saumu na karafuu mfuko mzima.

"Mpe atafune asubuhi kabla hajakula chochote," akaninong'oneza. "Presha ni kitu mbaya. Ilituchukulia mjomba."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Kisha alipoondoka, nikajikuta nimekaa na ule mfuko mapajani, sicheki tena. Niliwaza kwamba pengine hajakosea.

Mimi mwenyewe nilianza kukosa utulivu. Nilikuwa nikikanyaga cherehani huku sikio liko jikoni, nikingoja kusikia spana. Nilikata vitambaa vikaenda upande. Na kazi niliyokuwa nayo wakati huo haikutaka mchezo: majoho ya kwaya ya jirani huyohuyo, ya zambarau, yenye kola nyeupe. Nilikuwa nimeyatundika kwenye kamba niliyoifunga kutoka mlango wa jikoni hadi sebuleni, yakingojea pasi.

Siku hiyo alikaza skrubu kupita kiasi. Nilisikia kishindo, kisha akasema "Haiya!" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeangusha kijiko. Kifuniko cha valvu kilikuwa kimepasuka na maji yanaruka mpaka darini. Akakimbia nje kufunga maji kwenye mita. Koki ya huko ilikuwa imeshika kutu, haizunguki. Kufikia wakati alipoishinda, jikoni kulikuwa dimbwi, na rangi ya zambarau ilikuwa imeingia kwenye kola zote.

"Wewe huwezi kuacha kitu kikiwa kizima?" nikamwambia. "Mtu akae nyumbani kama watu wengine! Toka kwa jikoni yangu!"

Alichukua tambara akaanza kukausha sakafu, amepiga magoti, na nilipouona mgongo wake umeinama hivyo nilitamani niyarudishe yale maneno, lakini sikuyarudisha.

Kesho yake tulikwenda Thika pamoja. Yeye alitaka valvu ya saizi aliyoikosa Ruiru, mimi nilitaka kitambaa cha kola. Tukiisha kununua, badala ya kuelekea stendi, akashika barabara ya viwandani. Nikamfuata. Tulipofika karibu na kiwanda chake cha zamani alisimama ghafla, akainamisha kichwa.

"Umesikia?"

"Nimesikia malori."

"Hapana. Valvu ya usalama. Inapumua vibaya."

Akavuka hadi kwenye geti. Askari alikuwa mtu wanayefahamiana naye.

"Mzee! Umepotea sana."

"Niko. Nani yuko kwa boila leo?"

"Hata sijui, mzee. Siku hizi hakuna kuingia bila kadi."

"Sitaki kuingia. Waambie tu waangalie ile valvu ya juu."

"Sawa, nitawaambia."

Askari alibaki amekaa. Mume wangu alingoja kidogo, mikono nyuma, kisha akageuka. Mpaka leo sijui kama kulikuwa na kitu au hakukuwa. Kiwanda hakijalipuka.

Tuliingia kibanda cha chai. Yake aliinywa akiwa amesimama.

"Pale nilijua kila sauti," akasema. "Nyumbani sijui nisikilize nini."

"Nisikilize mimi."

Alicheka, nami nikacheka, lakini macho yake yalikuwa barabarani.

Valvu mpya aliifunga vizuri sana. Alibadilisha kwanza ile koki ya kutu kwenye mita, akaacha maji yakimbie ndani ya ndoo mpaka mchanga ukaisha, akazungusha tepu kwenye meno ya bomba, akakaza. Akaweka mshale alipotaka, akafunga nati, akaipangusa kwa kitambaa. Baada ya hapo hakuigusa tena, nafikiri kwa sababu ya yale niliyosema. Badala yake akawa anatembea. Alizunguka nyumba. Alikwenda dukani kununua kiberiti tulichokuwa nacho. Nilitamani nisikie spana.

Jirani alipokuja kuchukua majoho, yakiwa na kola mpya, alitaja kwamba kaka yake huko Ngoliba ana pampu ya kuvuta maji ya mto hadi mashambani, na aliyekuwa akiitunza ameacha kazi. Hakuwa anamwomba mtu, alikuwa anazungumza tu. Mume wangu akatokea mlangoni.

"Ni ya dizeli?"

"Ngai, mimi hata sijui. Inapiga kelele."

"Nitaenda niione."

Usiku huo nilimuuliza kwa nini hakuniuliza. Akanitazama kwa mshangao.

"Si wewe ulisema nitoke jikoni?"

Akaenda kuiona, akabaki nayo. Hurudi Jumamosi jioni, amechomwa na jua, anaongea sana. Anakula, anaenda kanisani nami, na ikifika Jumapili alasiri ameshaanza kutafuta viatu. Katikati ya wiki akipiga simu nasikia pampu ikinguruma nyuma ya sauti yake. Namwuliza kama amekula. "Ngoja," ananiambia, na nasikia hatua zake zikienda, kimya, kisha zikirudi. "Iko sawa. Ulikuwa unasema?"

Mimi nimerudishiwa nyumba yangu, na siku hizi siwezi kumaliza vazi moja bila kuinuka. Naenda hadi getini, natazama barabara, narudi. Jumapili iliyopita nilimwambia kwamba wiki hii nitafunga kazi, niende Ngoliba nikae naye siku mbili tatu. Akasema huko kuna joto na mbu, na kitanda ni kidogo. Kisha akauliza nitafika saa ngapi.