Chupa Zilizoganda

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Kadi, kwa sababu ya swali lake. Akikukuta sokoni na mtoto mgongoni, salamu yake ilikuwa, "Kadi yake iko wapi?" Akikukuta msibani alingoja mmalize kuzika, ndipo akuulize.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa muuguzi wa chanjo katika zahanati ya pale mtaani. Ratiba aliijua kama anavyojua ngazi za nyumba yake: mtoto akizaliwa, chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio, wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, ile sindano moja inayokinga magonjwa matano, kikiwamo kifaduro, pamoja na nyingine za nimonia na kuhara, miezi tisa, surua. Mdogo wake alikufa kwa kifaduro, akikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Bi Kadi alikuwa na miaka minane, na ndiye aliyekuwa amempakata. Habari hiyo hakuisimulia ovyo.

Jumatano moja asubuhi alifungua friji ya chanjo, akainama kusoma kipimajoto. Nyuzi tatu chini ya sifuri.

Chanjo hukaa kati ya nyuzi mbili na nane. Joto huziharibu, hilo hata mfagizi alilijua. Lakini ziko ambazo baridi kali huziua haraka kuliko joto, na ile ya magonjwa matano ni mojawapo.

Akakumbuka. Jumatatu alasiri umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, kipimajoto kikapanda hadi tisa. Akaingiwa na wasiwasi, akazungusha kitufe cha baridi mpaka mwisho, akijiambia atakirudisha kabla ya kwenda nyumbani. Hakukirudisha. Na Jumanne? Akaitazama karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Jumanne asubuhi, kwa mwandiko wake mwenyewe: nyuzi nne. Foleni ilikuwa imefika nje, watoto wanalia, naye akaandika nne kwa kuwa kila siku huwa nne. Hakuangalia.

Alitoa chupa moja iliyoganda, akaiacha iyeyuke mkononi, akaitikisa, akaiweka mezani. Chanjo nzima, isiyoganda, ikitikiswa hubaki nyeupe kama tui kwa muda mrefu. Hii ilianza kutuama mbele ya macho yake. Chembechembe zikashuka chini, juu yakabaki maji. Chembechembe za namna hiyo alikuwa ameziona jana, katika chupa ya kwanza. Alidhani haijatikiswa vizuri. Aliitikisa tena, akaendelea kuchoma.

Watoto kumi na mmoja.

Bosi wa zahanati alikuwa kijana aliyewahi kufundishwa kushika bomba la sindano na Bi Kadi huyo huyo. Alimsikiliza, kisha akaenda kufunga mlango.

"Dada, nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi sikiliza. Wiki nne zijazo watoto hawa wanarudi kwa dozi ya pili. Watapata nzima. Na matone ya polio hayadhuriwi na baridi, hayo tayari wanayo. Tukitangaza leo, mtaa huu hautatuamini tena. Umesahau tulivyowabembeleza?"

Bi Kadi hakuwa amesahau. Kwa dakika nzima alitamani kukubali. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, na hakuwahi kupata barua mbaya hata moja.

"Kifaduro hakingoji wiki nne," alisema mwishowe. "Na mama anayedhani mwanawe ana kinga hatamwepusha na mtu anayekohoa. Piga simu, bwana mdogo. Usipopiga wewe, napiga mimi."

Kijana alipiga. Ofisi ya chanjo ilijibu wazi: chupa zote zilizoganda zisitumike, dozi za Jumanne zisihesabiwe, watoto warudiwe mara mzigo mpya utakapofika kesho. Kurudia hakuna madhara. Iliyoganda si sumu, ila haina nguvu. Baya kubwa ni mtoto kupata uvimbe palipochomwa. Kisha sauti ikauliza ni nani aliyejaza ile nne.

"Ni mimi," Bi Kadi alisema, simu ikiwa bado mkononi mwa bosi.

Alitoka na daftari la anwani. Alikataa kutuma mtu. Nyumba ya kwanza, mama mtu alimsikiliza na kusema, "Haya, kesho tutakuja," kana kwamba ameambiwa maji yatakatika. Nyumba ya tatu, bibi wa mtoto alimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Ya sita walikuwa wamehama jana jioni, wasijulikane walikokwenda. Alichopata ni namba ya simu iliyozimwa. Kufika saa tisa, habari zilikuwa zimemtangulia, nazo zimenenepa njiani: watoto wamechomwa sumu, wawili wana degedege, mmoja hoi.

Nyumba moja aliiacha iwe ya mwisho kwa makusudi. Ilikuwa ya seremala.

Seremala huyu hakuwa mtu wa chanjo. Mtoto wake wa kwanza alichemka homa usiku mmoja baada ya sindano, homa ya kawaida inayopita, lakini baba akaapa hatarudia. Bi Kadi alikuwa amekwenda karakana yake mara tatu, akakaa juu ya mbao, akamweleza kwamba homa ile ni mwili unajifunza kupigana. Mara ya tatu alikubali. Binti yake wa wiki sita alikuwa mtoto wa nne kwenye foleni ya Jumanne.

Alimkuta akipiga randa. Alimweleza yote akiwa amesimama, bila kuficha ile nne. Randa ilisimama.

"Kwa hiyo umemtoboa mwanangu bure."

"Ndiyo."

"Na unakuja kuniomba umtoboe tena."

"Ndiyo, baba."

"Ungenyamaza, ningejua?"

"Usingejua."

Alimtazama, uso mkavu kama ubao. Kisha akasema taratibu, "Toka karakanani kwangu," akarudi kupiga randa.

Alhamisi walikuja tisa. Wengine walikuja na waume, shangazi, mjomba, wakasimama dirishani kumchunguza. Mikono ya Bi Kadi ilikuwa imechoma maelfu. Hata hivyo aliiweka mezani kidogo kabla ya mtoto wa kwanza. Alimbakiza kila mama na mwanawe kwenye benchi nusu saa, akipita kuangalia pumzi na ngozi. Hakuna aliyedhurika. Yule aliyesemekana ana degedege alikuwapo, amelala, mdomo wazi.

Mchana barua ya onyo ilifika. Aliisoma amesimama, akaisaini. Ufunguo wa friji ukahamishiwa kwa mwenzake, na tangu siku hiyo kipimajoto kilisomwa na watu wawili.

Saa kumi na nusu, wakifunga, seremala aliingia. Alikuwa amembeba binti mwenyewe, kwa namna ya mtu aliyezoea kubeba mbao. Mkewe alikuja nyuma.

"Nataka kuiona hiyo friji," alisema.

Bi Kadi alimwita mwenzake aje na ufunguo. Seremala aliinama, akasoma mwenyewe, akauliza ngapi inafaa, akasoma tena. Akaomba chupa itikiswe mbele yake. Ikatikiswa, ikawekwa mezani, na watu wazima wanne wakakaa kuitazama. Robo saa ilipita. Ilibaki nyeupe.

"Mimi ubao ukipinda nikamuuzia mtu, nanyamaza," seremala alisema, macho bado kwenye chupa. "Nimeshanyamaza mara nyingi."

Akakaa, akamfunua binti paja. Sindano iliingia, mtoto akalia kwa hasira ya mtu aliyedanganywa mara mbili, na baba akafumba macho.

"Usiku akichemka?"

"Huenda akachemka. Mnyonyesheni, msimfunike mno. Homa ikizidi siku mbili, au akikataa kabisa kunyonya, mleteni, hata kama ni alfajiri."

Mtoto alichemka kidogo, akapona kesho yake. Ile familia iliyohama, Bi Kadi aliipigia simu kila asubuhi kwa siku kumi na saba, mpaka mtu akapokea.