Siku Tatu za Kuchoma Miti ya Pamba

Juzi nilikuwa kwa binti yangu Ushirombo, nimekaa uani nachambua mchele, jirani akawasha mavi makavu ya ng'ombe kufukuza mbu. Moshi ulipenya kwenye ua wa matete ukatujia polepole. Wajukuu wakaziba pua na kukimbilia ndani. Mimi nilibaki palepale na ungo wangu mapajani, nikauvuta mpaka machozi yakanitoka. Binti yangu akadhani ni moshi umeniingia machoni, nami sikumwambia vinginevyo. Nyinyi nitawaambia.

Nilizaliwa katika tambarare za Shinyanga, mahali ambapo ukisimama mlangoni unamwona mgeni tangu akiwa mdogo kama siafu. Miti ilikatwa kabla sijazaliwa, ili kuwafukuza mbung'o waliokuwa wakiua mifugo. Ng'ombe walipona, ila wanawake wakabaki bila kuni. Mlima wenye vichaka ulikuwa mbali. Ukitoka alfajiri unarudi jua limepinda, na mzigo wenyewe unakwisha kwa siku mbili. Kwa hiyo tulipikia mavi makavu ya ng'ombe, magunzi ya mahindi, na baada ya mavuno, miti ya pamba.

Mama yangu, ambaye kwa Kisukuma chetu tulimwita mayu, alikuwa mtu wa kuubana moto. Alikuwa ameyazungushia mafiga ukuta wa udongo wa kichuguu, akaacha mdomo mmoja tu wa kuchochelea. Ole wako uchochee mpaka ndimi za moto zichungulie pembeni mwa chungu. "Unampikia nani, mbingu?" angekuuliza. Maji ya kuoshea vyombo yalinywesha mpapai. Majivu yalihifadhia choroko zisibunguliwe. Nguo ikichakaa ilikuwa winda la mtoto, na winda likichakaa lilisokotwa utambi wa koroboi. Mwalimu alipotufundisha kwamba kila nyumba bora ina shimo la taka, niliona aibu, nikamwomba mayu tuchimbe letu. Akaniuliza, "Tutatia nini humo?" Nilifikiri siku nzima nikakosa jibu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa hivi. Baba alikuwa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, na nyumbani tulibaki mayu, bibi mzaa baba, na mimi. Kisha, katikati ya miezi ya baridi, mayu akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo kiasi kwamba bibi alimshika kwa kiganja kimoja na nusu. Ngozi yake ilikuwa nyekundu, imekunjamana kama ya kifaranga ambaye hajaota manyoya, na hakuweza kulia. Alitoa sauti kama ya mlango unaofunguliwa taratibu. Bibi alimtazama, akasema maneno machache tu: "Huyu anataka moto usiozimika."

Tukamlaza katika kapu, juu ya pamba ile chafu tuliyoiita fifi, na kapu likawekwa karibu na mafiga. Moto ukawa hauzimwi. Tatizo ni kwamba ng'ombe wetu wachache walikuwa wamepelekwa malisho ya mbali kwa sababu ya kiangazi, na mavi ya zizini yalikuwa yakipungua bila kuongezeka. Tumaini lilikuwa miti ya pamba. Mayu na bibi walikuwa wameing'oa yote, wakaifunga mizigo mizigo, wakaipanga ndani ya nyumba nyuma ya kihenge cha mtama, mpaka ikagusa paa.

Nasema ndani ya nyumba kwa sababu nje isingeweza kukaa. Kulikuwa na amri ya serikali ya wazungu. Kila aliyelima pamba alitakiwa kung'oa miti yake baada ya mavuno na kuichoma shambani kabla ya siku iliyotajwa, maana ndani yake walijificha funza wanaoharibu pamba ya mwaka unaofuata. Asiyechoma alipelekwa barazani kwa mtemi, akakaa huko na kufanya kazi ya kubeba mawe ya kujengea lambo la maji mpaka waridhike. Siku iliyotajwa ilikuwa imepita, na majirani walikuwa wamechoma. Mayu alichoma mizigo miwili mikavu pembeni mwa shamba ili moshi uonekane, basi.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoingia.

Bwana shamba alikuja shuleni kwetu asubuhi moja. Alikuwa kijana mweusi kama sisi, kaptula imepigwa pasi, soksi mpaka magotini. Alituchorea funza ubaoni, mkubwa kama nyoka, tukacheka, naye akacheka. Halafu akauliza: nani kwao wamechoma miti yao ya pamba? Mikono ikanyooshwa kama mtama. Mimi peke yangu sikunyoosha. Sikutaka kusema uongo, na tena, msinicheke, nilijivuna. Niliona mama yangu ana akili kuliko mama zao wote. Nikasimama nikasema kwa sauti: "Sisi hatuchomi bure. Mayu ameiweka yote ndani, tunapikia."

Hakuna aliyecheka. Bwana shamba aliacha chaki, akaniuliza jina la baba yangu, akaandika kwenye daftari dogo. Niliona mkono wake ukiandika, ndipo nikaelewa nilichofanya.

Tulipotolewa nje nilitoroka, nikakimbia mpaka nyumbani. Mayu alikuwa akimkamulia mtoto maziwa kwenye kijiko, tone kwa tone. "Bwana shamba anakuja," nikasema.

"Nani kamwambia?"

Nikatazama miguu yangu. Alimrudisha mtoto kapuni, akasimama mbele ya ile mizigo, akaugusa mmoja, akaugusa wa pili, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Hapakuwa na pa kuanzia. Uwanda ule wote ulikuwa mweupe, na hata mbuzi mmoja asingepata pa kujificha. Tukakaa mlangoni tukingoja, na tangu mbali tukawaona watu wawili wakija, wakiwa wadogo kama siafu, kisha kama kuku, kisha wakawa watu kamili: bwana shamba, na pamoja naye ng'wanangwa, kiongozi wa kijiji chetu chini ya mtemi.

Mayu alipiga magoti akaamkia. "Mwangaluka."

Ng'wanangwa hakuitikia vizuri. Alikuwa mzee mwenye hasira za karibu, na nadhani naye aliogopa, maana kosa la kijiji lilikuwa kosa lake. "Mke wa Shija, miti ya pamba iko wapi?"

"Nimechoma, baba."

"Unasema uongo mbele ya mtoto wako, na yeye ndiye aliyesema kweli shuleni!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mayu hakugeuka kunitazama. Mgongo wake tu ndio niliouona, na shingo yake iliyosimama kama ya mtu aliyebeba mtungi. Bwana shamba alivua kofia, akainama, akaingia ndani.

Alikaa humo kwa muda. Sisi nje tuliusikia upepo ukipita kwenye nyasi za paa. Mzee akaanza kumwambia mayu ajifunge nguo vizuri, maana wangekwenda barazani sasa hivi, na kwamba baba ataitwa kutoka Geita. Bibi akauliza: "Na mtoto?" Mzee akajibu kwamba mtoto abebwe, watoto wote hubebwa. Barazani palikuwa mwendo wa nusu siku, na upepo ule wa mbugani ulikuwa unapasua midomo ya watu wazima.

Bwana shamba akatoka. Kumbe alikuwa amechungulia kapu. Alifuta uso kwa kitambaa, na aliposema alisema taratibu, kama mtu anayekanyaga mahali penye miiba. "Mama, unajua kuna moto hatua mbili kutoka kwenye miti mikavu? Mngeungua wote humu."

"Najua," mayu akasema. "Silali."

"Na funza wamo. Nimepasua mti mmoja, wamo. Siwezi kuiacha." Akatazama chini. "Siku tatu. Siku ya nne asubuhi nakuja, na nataka nikute majivu."

Ng'wanangwa akaruka. "Na mzungu akiuliza, utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilichokikuta siku ya nne."

Waliondoka wakibishana. Mayu alibaki amesimama. Nikasogea nikasema, "Mayu, ni mimi niliyesema."

"Nimesikia. Ulisema kweli au uongo?"

"Kweli."

"Basi nenda hapo jirani kwa Mama Nkwimba, mwambie aje na vyungu vyake vyote, na debe. Na viazi. Mwambie viazi vyake vyote."

Sikuelewa. Siku tatu za kuchoma miti ambayo ingetupikia miezi mitatu, na yeye anataka vyungu! Lakini alikuwa amekwisha kufikiri. Kama moto ule ulikuwa lazima uwake wote kwa mara moja, basi usiwake bure. Uingie kwenye chakula, ukae humo. Viazi vitamu vikichemshwa, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa, huwa matobolwa, na matobolwa huyapiki tena. Unayatafuna hivyo hivyo mpaka mvua zirudi. Tukila hivyo asubuhi na mchana, mavi yote yaliyobaki yangekuwa ya mtoto peke yake.

Wakaja wanawake watano, Mama Nkwimba akiwa mbele. Walichimba mtaro mrefu upande usio na upepo, wakapanga vyungu juu yake kwa mstari, wakaziba nafasi kwa udongo, na miti ya pamba ikaanza kutoka ndani mzigo kwa mzigo. Inalia inapoungua, ile miti, inapasukapasuka kama mtu anayevunja vidole. Mayu alikuwa huku na huko, macho mekundu, akipigia kelele kila ulimi wa moto uliotoka nje ya mtaro. Wengine walimenya, wengine walikata, na viazi vikaanikwa juu ya mawe makubwa nyuma ya zizi mpaka mawe yakageuka manjano.

Kazi yangu ilikuwa nyingine. Siku ya pili, jua likiwa juu, bibi alitoka nje na kumwita mayu kwa jina lake la usichana, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mtoto alikuwa ameacha kunyonya kijiko, na midomo yake ilikuwa imeingia rangi ya zambarau. Bibi mwenyewe alikuwa na kikohozi, hakutaka kumpumulia. Mayu aliutazama mtaro, akaitazama nyumba, mikono yake imejaa majivu mpaka kwenye viwiko. Akaniambia, "Kabula, vua blauzi."

Walinikalisha chini, mgongo wangu ukiegemea ule ukuta wa udongo wa mafiga uliokuwa na joto, wakamlaza mdogo wangu kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, wakatufunga pamoja kwa kaniki. Nikaambiwa nisijikune, nisilale, na nikiona hapumui nipige kelele. Nilikaa hivyo mchana mzima. Pumzi yake ilikuwa inakuja, inakuja, halafu inakaa. Kila ilipokaa nami nilizuia yangu, nikingoja. Inzi alitembea usoni pangu toka kwenye sikio mpaka puani sikumgusa. Mayu alipopita mlangoni na mzigo wa miti alisema, "Imba, akusikie," nikaimba vile tulivyofundishwa shuleni, hata hesabu ya mara mbili nikaimba, maana nyimbo ziliniishia. Alasiri nilihisi kitu kikinikwaruza kifuani. Alikuwa akitafuta titi. Alilitafuta kwa hasira, kwenye kifua changu kisicho na kitu, nami nikapiga kelele ambayo iliwafanya wanawake wote waangushe visu.

Siku ya nne bwana shamba alikuja peke yake. Alichokoa majivu kwa kijiti kutoka mwanzo wa mtaro mpaka mwisho, akachungulia nyuma ya kihenge, hakukuta hata kijiti cha kuchokolea meno. Mayu akampa matobolwa kwenye kibakuli. Aliyala yote akiwa amesimama, akaomba maji, akaenda zake. Nilimchukia kwa miaka mingi mtu yule.

Chuki hiyo ilikwisha nilipokuwa mke wa mtu huko Ushetu, na mimi nalima pamba. Jirani yetu alificha miti yake mwaka mmoja, na mwaka uliofuata nilipasua kitumba baada ya kitumba nikakuta funza, shamba zima, mpaka nikakaa chini katikati ya mistari. Hapo niliona kwamba kijana yule hakuwa na kosa, na mama yangu hakuwa na kosa, na kwamba zile siku tatu kijana alizitoa mfukoni mwake mwenyewe, bila ruhusa ya mtu.

Lakini lililo kubwa nililijua baadaye zaidi, mayu akiwa mzee. Mdogo wangu yule wa kapuni alikuwa amekuja kutusalimu, mzee wa kanisa sasa, mnene, anayevaa koti hata jua likiwaka, na mayu alikuwa akimtazama anavyokula. Nikamwambia kwamba siku zile sikuwahi kumwona akiogopa. Alinipa moyo alivyokuwa akipiga kelele kwa sababu ya ulimi mdogo wa moto. Akacheka kidogo. Akaniambia kwamba ile siku ya pili, aliponifunga na mtoto kwenye kaniki, alitoka nje akamwonyesha bibi mahali chini ya upenu, upande jua linapochomoza, ambapo watamzika mtoto. Bibi alikuwa ameshaweka jembe pale.

"Kumbe ulijua atakufa?" nikamwuliza.

"Nilijua viazi vimeiva," akasema, "na kwamba wewe ulikuwa unaimba."