Nilivyomfuata Faida Scarborough

Viza yangu ilikuwa ya mtalii, na utalii niliufanya, tena mwingi kuliko nilivyotaka. Lakini nisiwafiche: nilikwenda Uingereza kumrudisha mwanangu nyumbani.

Mimi ni msusi. Kwetu ni Kigoma, ila nusu ya umri wangu imepitia Johannesburg, kwenye saluni moja ya Hillbrow iliyo chini ya ghorofa refu. Faida ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake, fundi cherehani wa Uvira, alifariki binti akiwa darasa la pili, tukabaki wawili katika nyumba yetu ya Troyeville. Akasomea uuguzi, akafanya kazi kidogo kwenye kliniki hapa mjini, kisha akapata ajira katika hospitali ya Scarborough, mji wa pwani upande wa kaskazini mwa Uingereza. Aliniaga akisema ni miaka miwili tu. Mwaka wa pili ukaisha, wa tatu ukaingia, na kila nilipomuuliza kwenye simu alinijibu, "Tutaona, Mama." Basi mwaka 2018, muuguzi mmoja wa kanisani aliponiambia kuwa hospitali yao ya hapa Johannesburg inatafuta watu, nikaona wakati umefika. Maneno ya simu huteleza. Nikaamua kwenda kumwambia ana kwa ana.

Siku ya kuondoka ilikuwa Novemba, na maua ya zambarau ya mijakaranda yalikuwa yametapakaa njia nzima ya Troyeville. Joto lilikuwa la kukausha koo. Mwenzangu wa saluni, Mama Aline, Mrundi mwenye maneno mengi, alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege kwa gari la shemeji yake. Kwenye kila roboti, yaani taa za barabarani, tuliyosimama alinipa wosia mpya.

"Bon, Mama Faida, uvae soksi mbili mbili," alisema. "Na mtoto usimgombeze siku ya kwanza. Umwache kwanza akuone."

"Nani kakwambia nakwenda kugombana?"

"Eish! Mimi nakujua." Akanikumbatia, akageuka haraka ili nisimwone machozi.

Asubuhi iliyofuata nilishuka London. Faida alikuwa kazini, hakuweza kuja kunipokea, ila alinitumia maelekezo kwenye simu hatua kwa hatua: panda hii, shuka pale, usiondoke kwenye jukwaa. Nilivuka jiji lile chini ya ardhi bila kuliona, nikatokea kwenye stesheni kubwa, nikapanda treni ya kaskazini. Mashamba yalikuwa mabichi kama ya kwetu masika, lakini bila mtu ndani yake. Nilitafuta kwa macho japo mtu mmoja mwenye jembe. Kondoo tu. Ndani ya behewa kila mtu alikuwa na simu yake au usingizi wake. Mama mmoja aliketi mbele yangu, magoti yetu yakikaribia kugusana, tukasafiri hivyo saa nzima bila salamu.

Nilibadilisha treni mji wa York, na jioni nikafika Scarborough. Ile mlango wa treni kufunguka, upepo ukaingia kama mtu aliyekuwa akinisubiri kwa hasira. Faida alisimama chini ya taa, amevaa koti jeusi linalofika miguuni. Alikuwa amekonda. Nilimshika uso kwa mikono miwili, nikasahau maneno yote niliyoyapanga njiani.

"Pole na safari, Mama," alisema. Alisema kwa Kiingereza. Faida anakielewa Kiswahili chote, hata mafumbo yake, lakini tangu alipoanza shule majibu yake huwa ya Kiingereza. Nayaandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yanavyofika masikioni mwangu.

Aliishi kwenye chumba kimoja, juu kabisa ya nyumba ya zamani iliyokuwa ya wageni. Dari lilishuka upande mmoja hadi ukawa unainama kufika kitandani. Kesho yake ndipo nilipoelewa hali ilivyo. Mwanangu alikuwa zamu ya usiku majuma yote mawili ya ziara yangu. Alikuwa ameomba kubadilishiwa, hakufanikiwa. Alirudi asubuhi macho mekundu, akanywa chai niliyomwandalia, akavuta pazia zito na kulala. Nami nikabaki nimeketi kwenye kiti, mikono mapajani. Nikisimama, mbao za sakafu zinalia. Nikifungua bomba, mabomba ya ukutani yanaguruma. Nilijaribu kukata kitunguu polepole, akageuka kitandani, akasema ndani ya blanketi:

"Mama, tafadhali toka ukatembee. Wewe ni mtalii. Nenda ukaone bahari."

Ndivyo utalii wangu ulivyoanza: nilifukuzwa na usingizi wa mwanangu.

Mji ule una ghuba mbili, na katikati yake kilima kilichobeba magofu ya ngome ya zamani. Kiangazi, Faida aliniambia, watu hujaa mchangani hadi hakuna pa kutandika kitambaa, na punda hubeba watoto. Novemba punda wameshapelekwa mashambani. Vibanda vya mbao vya rangi rangi ufukweni vimepigwa makufuli. Maduka ya aiskrimu yamefungwa. Kumbi za michezo tu ndizo zilizokuwa wazi, mashine zinawaka taa na kujipigia muziki, na ndani hakuna mchezaji hata mmoja. Bahari yenyewe ilikuwa ya rangi ya maji yaliyooshewa masufuria. Ilijaa ikapiga ukuta mpaka povu likaruka barabarani. Ikapwa ikaenda mbali, ikaacha mchanga mtupu ambao mtu mmoja na mbwa wake walionekana juu yake kama chawa wawili kwenye shuka.

Nilitembea. Niliona ngome, niliona bandari na mnara wake wa taa, nilishuka mwamba kwa lifti ya reli na kuupanda tena kwa miguu ili saa ziende. Watu wa kule si wabaya. Anayepishana nawe huuliza, "Uko sawa?" Siku za mwanzo nilisimama kujibu kama tunavyojibu sisi, kwamba sijambo, namshukuru Mungu, na wewe je, watoto hawajambo? Nilipoinua kichwa mtu alishafika kona. Nikaja kujua kwamba lile halikuwa swali.

Siku moja nilinunua samaki na chipsi, wakamimina siki juu yake, nikaenda kula mbele ya maji. Kabla sijatia kipande cha kwanza kinywani, shakwe, yule ndege mweupe wa baharini, akashuka nyuma yangu na kuninyang'anya samaki mzima.

"Mwizi!" nilipiga kelele. "Mwizi huyo!"

Vijana wawili waligeuka, wakatabasamu, wakaendelea na njia yao. Ukiacha kuagiza samaki, lilikuwa neno pekee nililolisema kwa sauti tangu asubuhi. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, ikabidi nijifunike uso na skafu.

Nilizoea kupumzika kwenye mabenchi ya juu ya mwamba. Kila benchi limepigiliwa kibati chenye jina la marehemu: fulani aliyeipenda mandhari hii, fulani na mkewe walioketi hapa. Mara ya kwanza niliposoma niliruka kama niliyekalia kaburi. Baadaye nikawa napiga hodi moyoni, kisha naketi. Wafu wa mji ule nililijua jina la kila mmoja. Aliye hai nilimjua mmoja tu, naye alikuwa amelala.

Mwisho wa juma la kwanza mvua ilinisukuma ndani ya mkahawa mdogo karibu na hospitali. Mwenye mkahawa, mama wa makamo yangu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, aliniletea chai, akauliza, "Likizo? Mwezi huu?" Akacheka, lakini kwa wema.

"Nimemfuata binti yangu. Ni muuguzi hapo juu."

Akaweka birika chini. "Usiniambie wewe ni mama yake Faida!"

Alivuta kiti akaketi. Jina lake Jean. Faida ndiye aliyemuuguza mume wa Jean wodini hadi pumzi ya mwisho, na tangu msiba ule, kila akitoka zamu, hupita pale kabla ya kwenda kulala. Jean alinionyesha kwa kidole meza ya dirishani. "Anakaa pale. Anakunywa chai ya maziwa, ananichekesha. Jumapili anaimba kwaya na dada yangu. Krismasi alipika wali wa nazi, tukala watu kumi na mbili humu ndani."

"Faida? Anawachekesha?"

"Mno!"

Nilipaswa kufurahi. Mzazi gani hafurahi kusikia mwanawe anasifiwa ugenini? Lakini moyo wangu ulifanya wivu, niseme tu ukweli. Asubuhi zote zile nilikuwa nimesimama dirishani na chai inayopoa, nikiamini hospitali ndiyo inayomchelewesha. Kumbe kulikuwa na meza inayomsubiri kabla yangu.

Jumapili Faida alikuwa na mapumziko. Nilikuwa nimebeba rasta za kusukia kutoka Johannesburg, maana kwenye picha zake niliona nywele zimekaa ovyo. Aliketi sakafuni katikati ya magoti yangu kama alivyokuwa akiketi utotoni, nikachukua kitana cha mkia, nikaanza kugawa nywele. Kusuka kuna siri yake: msusi na anayesukwa hawaonani nyuso. Wanawake wameniambia mengi kwa sababu hiyo. Siku ile mimi ndiye niliyesema. Nilimweleza habari za kazi aliyoniambia yule muuguzi wa kanisani, nyumba yetu, upweke wangu, umri wangu.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Miaka uliyosema imekwisha."

Nilisuka mstari mmoja, nikaumaliza, nikaanza mwingine.

"Mama," alisema, "mimi nilizaliwa Johannesburg. Nimesoma kule, nimemzika baba kule. Lakini kila siku pale kliniki waliniuliza nimetoka wapi. Mgonjwa namfunga kidonda, ananiuliza nitarudi kwetu lini. Kwetu wapi? Kigoma sijawahi kulala hata wiki mbili. Hapa nikiulizwa nimetoka wapi, angalau swali ni la haki. Nimetoka mbali kweli. Nikishajibu, wananikaribisha chai."

"Na hii baridi? Na kukaa peke yako hivi?"

"Peke yangu nilikuwa kule pia. Ila kule nilikuona wewe jioni." Mabega yake yalitikisika chini ya mikono yangu. "Sirudi, Mama. Nisamehe. Nilishindwa kukwambia kwenye simu."

Mikono yangu ilisimama. Nikatazama kichwa kile, nusu kimesukwa, nusu kimetimka, kichwa nilichokijua kabla ya mtu yeyote duniani. Nilitaka kuinuka nitoke nje, niende kwa wafu wangu wa kwenye mabenchi. Lakini kichwa hakiachwi nusu. Nikaendelea kusuka. Nilipochovya ncha za mwisho kwenye maji ya moto ili zisifumuke, nje giza lilikuwa limeshaingia, maana kule jioni haina subira.

Juma la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Hatukugombana, laiti tungegombana. Alipokuwa amelala nilitembea ghuba ya kaskazini, ambako hata zile mashine za muziki hazipo. Nilihesabu hoja zangu upya, na kila moja niliyoiinua niliiona ni yangu mimi, si yake. Nilitaka arudi ili nyumba isiwe kimya. Nilikuwa nimeliita jambo hilo faida yake.

Kabla ya kuondoka nilifanya jambo moja. Asubuhi, badala ya kumsubiri dirishani, nilivaa soksi mbili mbili nikaenda mkahawani kwa Jean. Faida aliingia, rasta zake mpya zimefungwa nyuma, akaniona nimeketi meza ya dirishani. Alisita mlangoni.

"Karibu," nilimwambia. "Keti. Leo nami nichekeshwe."

Aliketi. Alisimulia habari za mzee wa wodini aliyedai meno yake ya bandia yameibwa na padri, akimwigiza sauti na mdomo, na Jean akacheka mpaka akashika meza. Mimi nilicheka pia. Sijui kama nilicheka kwa hadithi au kwa kumwona. Alikuwa na mkono wa baba yake wa kusimulia, ule unaopunga hewani, na kwa miaka yote Troyeville sikuwa nimeuona.

Siku ya kurudi alinisindikiza stesheni akitoka moja kwa moja zamu. Alinifunga koti kifungo kwa kifungo kama mimi ndiye mtoto. Treni ilipoondoka alitembea kando yake hadi jukwaa likaisha. Nililia mpaka York, na safari hii kijana aliyeketi mbele yangu alinisogezea pakiti ya karatasi laini. Nilimshukuru kwa Kiswahili, akaitika kwa kichwa.

Johannesburg ilinipokea kwa ngurumo na mvua ya mchana, ile inayoosha barabara na kukoma ghafla. Nyumba ilikuwa kama nilivyoiacha, na kimya chake nilikikuta kinanisubiri. Sitawadanganya kwamba kimepungua. Nilichojifunza ni kidogo, nacho kilinigharimu: mtoto unaweza kumfuata hadi mwisho wa reli, ukamkuta amefika.

Wiki hiyo hiyo niliketi nyuma ya mteja mgeni, mama wa Lubumbashi, anayependa kuuliza.

"Una watoto, Mama?"

"Ninaye mmoja. Binti."

"Iko wapi?"

Nilivuta rasta nyingine, nikaiunga.

"Yuko kwake," nikamjibu.