Kigurudumu cha Tarehe

Pale masjala ya mahakama walimwita Muhuri, na jina lilimkaa. Nusu ya umri wake ameipitisha nyuma ya dirisha la chuma, akipokea nyaraka za kesi na kuzigonga tarehe ya siku zilipoletwa. Muhuri wenyewe una kigurudumu kidogo cha mpira, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukizungusha. Kila asubuhi hukisogeza mbele siku moja, akaujaribu kwenye karatasi chakavu, ndipo afungue dirisha. Makarani wenzake husema hata chai yake huiangalia tarehe kabla ya kuinywa.

Shemeji yake, mjane wa kaka yake, alikuwa na kesi mahakamani hapo. Jirani alidai kwamba chumba cha nyuma, ambamo mama huyo hulala, kimejengwa ndani ya kiwanja chake, akataka kibomolewe. Shahidi aliyejua mpaka ulipopita ni mmoja tu, fundi mwashi aliyeujenga msingi wakati wenye viwanja wote wawili wakiwa wamesimama pale wakimwangalia. Hakimu aliamuru kila upande ulete maelezo ya mashahidi wake kabla ya Ijumaa kwisha. Muhuri, kwa kuwa kesi ilikuwa ya ndugu, alimwachia karani mwenzake jalada, na nyumbani hakuizungumzia kabisa. Alijiona amefanya haki.

Shemeji hakuwa na wakili. Alichoelewa ni kwamba shahidi anatakiwa afike kabla ya Ijumaa kwisha, akamtuma fundi. Ijumaa fundi akavaa shati lake safi, akakaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi akingoja kuulizwa. Muhuri alimpita zaidi ya mara moja. Siku hizo dari la ukumbi lilikuwa linavuja, naye alipoiona mikono yenye saruji kwenye kucha alidhani mtu ameitwa kuziba. Akamwambia mkubwa wa majengo hajafika, asubiri. Fundi akasubiri hadi milango ikafungwa, akaenda zake.

Jumatatu shemeji alikuja dirishani na karatasi ya maelezo ya fundi, maana mpangaji wake alikuwa amemweleza kwamba maelezo huandikwa. Yule karani aliyeachiwa jalada alikuwa ametoka, dirishani yupo Muhuri. Shemeji akaisukuma karatasi chini ya chuma.

"Shemeji, hicho kigurudumu si kinarudi nyuma?"

"Kinarudi."

"Basi?"

"Mimi sirudi."

"Kaka yako angekuwa hai, ungemjibu hivyo?"

"Ningemjibu hivyo hivyo. Naye angenitukana."

Akagonga tarehe ya Jumatatu. Shemeji aliitazama kama mtu anayetazama ukuta wake ukianguka. Muhuri akamweleza taratibu kwamba ipo njia ya wazi: aiombe mahakama iyapokee maelezo yaliyochelewa, na aseme kwa nini yamechelewa. Alipouliza kwa nini, ndipo akasikia habari za benchi. Kisha akasema yeye mwenyewe ataapa kwamba siku ya mwisho fundi alikuwepo, na kwamba aliyemkalisha pale bure ni yeye.

Wapo watu wema ambao wangekizungusha kigurudumu na kulala usingizi. Mimi siwaiti wema. Tarehe ya uongo humwibia hakimu kazi yake, maana kuchelewa kukishafichwa hakuna tena anayeweza kupima sababu yake. Lakini na yule anayeikataa karatasi bila kuuliza imechelewa vipi, huyo naye ameacha kazi yake.

Siku ombi liliposikilizwa, wakili wa jirani alipinga kwa nguvu. Alisema mwisho uliowekwa usipokuwa mwisho, kesho kila mtu ataleta shahidi anapojisikia. Hakimu hakumkatalia hilo. Akamuuliza kama kesi imeshaanza kusikilizwa. Bado. Kama atapata nafasi ya kumhoji fundi. Ataipata. Akasoma kiapo cha Muhuri mara mbili, akayapokea maelezo, akampa jirani muda wa kuyajibu, na akamwonya mjane kwamba hatavumilia kuchelewa tena.

Ukumbini wakili alimkuta Muhuri akifunga dirisha.

"Mzee, ungeirudisha tarehe tu. Nani angejua?"

"Ndiyo maana sikuirudisha."

Shemeji hakushukuru. Kwa muda mrefu alimsalimia kwa midomo tu, na kwenye vikao vya familia alimwita "mtu wa serikali". Muhuri hakulalamika.

Siku ya kusikilizwa, fundi alikuja na shati lile lile, akakaa kwenye benchi lile lile. Dari lilikuwa bado linavuja. Muhuri akatoka nje ya masjala, na safari hii hakumpita, akasimama mbele yake.

"Leo umekuja kujenga au kusema?"

"Kusema."

"Basi inuka, nikuoneshe mlango."